Nani Anapanga Bei ya Tani Moja ya Hewa Ukaa?

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, nimesoma maandiko mengi yanayousifu na machache yanayoukosoa. Lengo lake linafahamika: ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wanaousifu hutaja misitu itakayopona na tani za hewa ukaa zitakazoepukwa. Wanaoukosoa hutaja bei ya gesi na mfuko wa mwananchi. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba mahali fulani, ndani ya kabati la ofisi fulani, ipo hesabu moja ya kweli ya gharama na faida, na kwamba atakayeipata atakuwa ameumaliza ubishi.

Hesabu ya namna hiyo haipo. Tathmini ya kiuchumi ya sera yoyote ya kupunguza hewa ukaa huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mchumi hajaanza kukokotoa. Huamuliwa pale anapochagua kizazi kijacho kina thamani gani mbele ya kizazi cha leo, shilingi ya maskini ina uzito gani mbele ya shilingi ya tajiri, na sera inayopimwa inalinganishwa na nini. Machaguo hayo matatu hayatoki katika hisabati. Ni ya kisiasa na ya kimaadili, na kwa hiyo ni mali ya wananchi. Kwetu hufanywa kimya kimya, ndani ya viambatisho ambavyo waziri hana muda wa kuvisoma na mwandishi wa habari hapewi, na gharama ya ukimya huo huwaangukia watu tunaowajua.

Nianze mbali kidogo, Marekani, kwa kuwa huko machaguo hayo yalifanywa hadharani na kila mtu aliweza kuyaona.

Kwa zaidi ya muongo mmoja serikali ya Marekani ilikuwa ikikadiria kile wachumi wanachokiita gharama ya kijamii ya kaboni: hasara ambayo tani moja ya ziada ya hewa ukaa itauletea ulimwengu kwa miaka yote itakayokaa angani, kupitia mavuno yatakayopungua, maradhi, mafuriko na mengineyo. Kiasi hicho kikishajulikana, kila kanuni mpya ya magari au mitambo ya umeme hupimwa kwacho. Kanuni ikiepusha tani moja kwa gharama ndogo kuliko hasara ya tani hiyo, inafaa, ikizidi, haifai. Ni utaratibu wa busara, na sina ugomvi nao.

Lakini tazama bei yenyewe. Chini ya Rais Obama ilikuwa dola arobaini na kitu. Katika muhula wa kwanza wa Rais Trump ikashuka hadi kati ya dola 1 na dola 7. Februari 2021, Rais Biden alipoingia, ikawekwa dola 51 kwa muda. Mwishoni mwa 2023, shirika la serikali hiyo la hifadhi ya mazingira likachapisha makadirio mapya ya takribani dola 190. Ni tani ile ile, ya gesi ile ile, katika anga lile lile. Makadirio ya 2023 yalitokana kwa kiasi na sayansi iliyoboreshwa, hilo nalikubali. Ila kuporomoka kutoka dola arobaini hadi chini ya kumi hakukuletwa na ugunduzi wowote wa wanasayansi wa hali ya hewa. Kuliletwa na mambo mawili. La kwanza, iliamuliwa kwamba ihesabiwe hasara itakayotokea ndani ya mipaka ya Marekani peke yake. Mkulima wa Kishapu ambaye mvua zake zitavurugika kwa tani hiyo aliondolewa katika hesabu. La pili, kiwango cha punguzo kilipandishwa hadi kufikia asilimia 7.

Hiki kiwango cha punguzo ndicho wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hukikariri bila kushtuka, kisha hushtuka siku wanapokitumia kwa karne nzima. Wazo lake ni jepesi. Shilingi utakayoipata mwakani ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa sababu ya leo ungeweza kuiwekeza ikazaa. Kwa hiyo kila mwaka unaosogea mbele, thamani hupunguzwa kwa asilimia fulani. Kwa mkopo wa pikipiki wa miaka miwili hakuna ubaya wowote. Sasa chukua hasara ya shilingi milioni moja itakayompata mtu miaka 100 kutoka leo, uirudishe katika thamani ya sasa. Kwa punguzo la asilimia 1.4 kwa mwaka, hasara hiyo leo inahesabiwa kuwa takribani shilingi 249,000. Kwa asilimia 5, ni shilingi 7,600. Kwa asilimia 12 ni shilingi 12. Shilingi kumi na mbili! Yaani mchumi anayetumia asilimia 12 anakuambia, kwa uso mkavu na jedwali safi, kwamba haifai kutumia hata shilingi ishirini leo ili kumwokoa kitukuu wako na hasara ya milioni moja.

Asilimia hizo sikuziokota hewani. Ile ya 1.4 inakaribia sana iliyotumiwa na Nicholas Stern katika ripoti yake kwa serikali ya Uingereza mwaka 2006, iliyohitimisha kwamba dunia ichukue hatua kubwa na za haraka. Kiwango cha karibu asilimia 5 kinafanana na alichokuwa akikitumia William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, na ambaye kwa miaka mingi alishauri hatua za taratibu zinazoongezeka polepole. Mabingwa hao wawili walikubaliana katika sehemu kubwa ya fizikia. Walitofautiana hasa katika kiwango hiki. Na asilimia 10 hadi 12 ndizo benki za maendeleo zilizotumia kwa miongo mingi kupima miradi katika nchi kama yetu.

Ni lazima nimtendee haki Nordhaus, kwa sababu katika kumbi za uanaharakati hoja yake hupuuzwa kwa wepesi usiostahili. Anasema hivi: kiwango cha punguzo kiendane na faida ambayo mtaji unapata kwingineko katika uchumi, la sivyo tutawekeza katika mambo yenye tija ndogo na kuwaachia wajukuu urithi mdogo kuliko ambao wangeupata. Kwa Tanzania hoja hii ina uzito zaidi hata kuliko kwao. Hapa mtaji ni adimu. Shilingi bilioni moja inayotumika kupunguza hewa ukaa ni shilingi bilioni moja isiyojenga zahanati. Na ikiwa uchumi wetu utakua kama tunavyoomba, wajukuu zetu watakuwa na uwezo kutuzidi. Kwa nini mwanakijiji wa leo ajinyime kwa ajili ya mjukuu tajiri?

Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inasimama pale tu hasara inapoweza kufidiwa kwa fedha. Mjukuu tajiri anaweza kujenga upya daraja. Hawezi kununua theluji ya Kilimanjaro wala kurudisha mvua za vuli zilizohama. Tena kuna jambo la kimaadili ambalo Frank Ramsey, mwanahisabati kijana wa Cambridge, alilisema tangu mwaka 1928, miaka miwili kabla ya kifo chake akiwa na umri wa miaka 26: kupunguza thamani ya ustawi wa watu kwa sababu tu bado hawajafikiwa na wakati hakuna utetezi wa kimaadili. Unaweza kumpa mjukuu uzito mdogo kwa sababu atakuwa tajiri. Huwezi kumpa uzito mdogo kwa sababu hajazaliwa. Vitabu vyetu vya kufundishia huchanganya sababu hizi mbili katika namba moja, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani namba hiyo imeshuka kutoka mbinguni.

Chaguo la pili ni uzito wa shilingi, na hapa historia ina kisa ambacho kila mtumishi wa umma wa Kiafrika angepaswa kukifahamu. Katika kutayarisha ripoti ya pili ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), iliyotoka mwaka 1995, wachumi waliopewa sura ya gharama za kijamii walilazimika kuvithaminisha vifo vitakavyosababishwa na joto la dunia. Walifuata utaratibu wa kawaida wa taaluma yao: thamani ya kuepuka kifo hupimwa kwa kiasi ambacho watu wako tayari kulipa ili kupunguza hatari. Tajiri ana uwezo wa kulipa zaidi. Kwa hiyo kifo cha mtu wa nchi tajiri kikatoka na thamani mara kumi au zaidi ya kifo cha mtu wa nchi maskini. Wajumbe wa nchi zinazoendelea walipoiona hesabu hiyo walikataa, na mvutano mkali ukafuata kuhusu muhtasari wa watunga sera. Wachumi wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wametumia kanuni bila kuuliza kanuni hiyo inasema nini juu ya watu.

Zipo namna za kuirekebisha kasoro hii, na si za siri. Mwongozo wa Hazina ya Uingereza wa kupima miradi ya umma, uitwao Green Book, unaruhusu gharama na faida zipewe uzito kulingana na kipato cha anayeguswa. Mantiki yake inaeleweka hata sokoni: shilingi elfu moja inayotoka kwa mwenye kipato cha shilingi laki mbili kwa mwezi inauma kuliko elfu moja inayotoka kwa mwenye milioni mbili. Ukichukua kipimo rahisi kuliko vyote, ya kwanza inauma mara kumi. Chukua sera inayoleta faida ya bilioni 20 kwa kundi la pili na kuligharimu kundi la kwanza bilioni 5. Kwa hesabu ya kawaida ni ushindi wa bilioni 15. Kwa hesabu yenye uzito ni hasara. Namba ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba watu wamekumbukwa.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jiko.

Sera yetu ya nishati safi ni sera ya afya, ya misitu na ya hewa ukaa kwa pamoja, na ni vema tuseme wazi ipi kati ya hizo inabeba mzigo mkubwa wa faida. Takwimu inayotajwa na serikali ni kwamba zaidi ya Watanzania 33,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi yanayohusiana na moshi wa kuni na mkaa. Wengi wa wanaoathirika ni wanawake na watoto wadogo. Faida ya kuwaokoa hao inapatikana sasa, katika miaka hii, na hivyo haitikiswi na ubishi wa Stern na Nordhaus. Punguza kwa asilimia 1 au kwa asilimia 12, bado ni kubwa. Ongeza saa ambazo mama na binti hutumia kutafuta kuni. Kwa mtazamo wangu sera hii ina uhalali wa kutosha hata kama tani za hewa ukaa zingehesabiwa kuwa sifuri. Nchi ambayo kila mwananchi wake anazalisha takribani tani 0.2 za hewa ukaa ya nishati kwa mwaka, wakati Mmarekani anazalisha zipatazo 14, haina deni la kulipwa kwa sufuria ya mama lishe.

Kwa nini basi tani hutajwa kwanza katika maandiko ya miradi? Kwa sababu tani ina mnunuzi. Mapafu ya mtoto wa Tandahimba hayauzwi katika soko lolote, lakini tani ya hewa ukaa iliyoepukwa inauzwa. Na kinachouzwa ndicho kinachopimwa, kisha kinachopimwa ndicho kinachoiongoza sera, hata pale ambapo si faida kuu.

Upimaji wenyewe nao una mashaka. Katika miradi ya majiko, idadi ya tani hutegemea dhana moja kubwa: ni sehemu gani ya kuni zinazovunwa ambayo msitu haiwezi kuirudisha. Mti ukikatwa na mwingine ukaota kwenye kisiki chake, kama inavyotokea sana katika miombo yetu, hewa ukaa iliyotoka hurudi kunyonywa. Kinachohesabika kuwa hasara ya kudumu ni ule uvunaji unaozidi ukuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature Climate Change ulikadiria kwamba kwa dunia nzima sehemu hiyo ni kati ya asilimia 27 na 34, ingawa Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye hali mbaya zaidi. Miradi mingi imekuwa ikitumia asilimia 80, 90 na kuendelea. Tofauti kati ya 30 na 90 ina maana kwamba jiko lile lile, kwa mpishi yule yule, linazalisha mara tatu ya tani za kuuzwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika Nature Sustainability uchunguzi wa miradi ya majiko katika soko la kaboni, wakakuta kwamba kwa wastani miradi waliyoichunguza ilijipatia hati za tani takribani mara tisa ya walizokadiria wao. Sehemu ya sababu ni hiyo dhana ya kuni. Sehemu nyingine ni dhana ya matumizi: kwamba anayepewa jiko jipya huliacha la zamani.

Yeyote aliyeishi katika nyumba ya kupanga Dar es Salaam anajua hilo si kweli. Gesi ni ya chai ya asubuhi na ya kupashia kiporo. Maharage, makande na kongoro hupikwa kwa mkaa. Mtungi upo, jiko la mkaa lipo, na mama mwenye nyumba hugawa kazi kati yake kwa akili ya kiuchumi ambayo wataalamu wetu wangefaa kuisoma.

Hapo ndipo chaguo la tatu, la kulinganisha na nini, linapokuwa na meno. Ruzuku yetu imeelekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye kifaa. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), mitungi ya kilo sita imesambazwa kwa bei ya punguzo, na taarifa za mafanikio huhesabu mitungi iliyotolewa. Mtungi uliotolewa haumpunguzii mtu moshi. Kinachopunguza moshi ni gesi inayoungua mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na nane. India ilitutangulia katika njia hii. Mpango wao wa Ujjwala, ulioanza Mei 2016, uliziunganisha na gesi kaya maskini zaidi ya milioni 80 ndani ya muda wa takribani miaka mitatu na nusu, mafanikio ya usambazaji yasiyo na mfano. Kisha mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo akapita, akakuta kwamba kaya za mpango huo zilikuwa zikijaza kwa wastani mitungi mitatu hivi kwa mwaka, kiasi kisichotosha kuifanya gesi kuwa jiko kuu la familia. Baadaye serikali ya India ililazimika kuweka ruzuku katika kujaza. Ukipima sera kwa gharama ya kila mtungi uliogawiwa, Ujjwala ya mwanzo ni ushindi. Ukipima kwa gharama ya kila mlo uliopikwa bila moshi, picha inakuwa nyingine kabisa.

Jirani zetu Kenya wametupa somo la upande wa kodi. Gesi ya kupikia ilikuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikafutwa tena 2023. Ndani ya miaka saba sera moja ilibadilika mara nne. Hakuna tathmini ya kiuchumi, hata iandikwe na malaika, inayoweza kutabiri tabia ya kaya ambazo hazijui bei ya mwakani itaamuliwa na nani.

Na kwetu upo umeme. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limebadilisha hesabu za nishati nchini. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na umeme wa maji hauna ule mjadala wa kwamba gesi nayo ni mafuta ya kisukuku yanayoagizwa kwa dola. Hata hivyo, chini ya bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350, bila kuhesabu kodi na tozo. Ngazi hiyo ilibuniwa kwa nia njema, kumlinda maskini anayewasha taa na redio. Lakini tazama kinachotokea anapotii mkakati wa nishati safi. Anaanza kupika kwa umeme, anavuka uniti 75, na bei ya kila uniti inayofuata inapanda mara tatu na nusu. Sera moja ya serikali inamwita jikoni na nyingine inamtoza kwa kuingia. Ningependa kuiona tathmini iliyozipima sera hizi mbili katika jedwali moja.

Bado sijawagusa wanaopoteza. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa ilichangia uchumi wa Tanzania takribani dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza kiasi cha dola milioni 100 kila mwaka kwa sababu sehemu kubwa ya biashara hiyo haikupita katika vibali. Fedha hiyo ni kipato cha mchoma mkaa wa Handeni, cha dereva wa baiskeli anayeshuka Pugu na magunia matatu, cha mjane anayepima mkaa kwa kopo la rangi pembezoni mwa barabara ya Mbagala. Katika jedwali la kawaida la gharama na faida, watu hawa huingia kama "kupungua kwa shughuli zisizo rasmi", wakati mwingine hata upande wa faida. Wape uzito wa kipato niliouzungumzia hapo juu, kisha tuone mstari wa mwisho unasomekaje. Simaanishi kwamba mkaa uachwe kama ulivyo. Ninamaanisha kwamba sera inayowaondoa katika riziki inadaiwa gharama ya kuwahamisha, na gharama hiyo haina budi kuandikwa katika bajeti yake.

Tukumbuke pia kwamba njia ya marufuku tumewahi kuipita. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Bei ikaruka, na ndani ya wiki chache marufuku ikaondolewa. Mkaa haukuisha, ulibadilisha tu njia na saa za kusafiri.

Na ipo njia ya kati ambayo mara nyingi haimo katika ulinganisho. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa MJUMITA walishirikiana na vijiji kutenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa wa mpango: vitalu vidogo vinavyovunwa kwa zamu, katika mzunguko wa miaka 24, visiki vikiachwa viote, na ushuru ukibaki kijijini kujenga madarasa, zahanati na miradi ya maji. Ina udhaifu wake. Inahitaji usimamizi wa karibu, na moshi jikoni mwa mlaji wa mjini unabaki pale pale. Lakini kwa swali la hewa ukaa peke yake, ni gharama gani kwa tani kupitia Kilosa, na ni gharama gani kwa tani kupitia ruzuku ya mtungi? Sera ikilinganishwa na kutofanya lolote, karibu kila kitu huonekana kuwa na faida. Ikilinganishwa na njia mbadala iliyo bora kuliko zote zilizopo, ndipo tunajua kama fedha ya umma imetumika vizuri.

Niliwahi kuombwa kupitia andiko la mradi mmoja wa majiko uliotafuta fedha za nje. Kurasa zilikuwa zaidi ya mia moja. Kiwango cha punguzo kilitajwa mara moja, katika tanbihi, bila sababu. Kipato cha walengwa hakikutajwa katika hesabu popote. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba mfadhili ana kiolezo chake.

Ninachowaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa si jambo kubwa. Kila andiko la sera au mradi wa kupunguza hewa ukaa linalopelekwa kwa mtoa uamuzi liwe na ukurasa mmoja wa mbele, kwa Kiswahili, unaosema: tumetumia kiwango hiki cha punguzo kwa sababu hii, na matokeo kwa kiwango cha chini na cha juu ni haya, tumegawa gharama na faida kwa makundi ya kipato namna hii, tumelinganisha na njia hizi mbadala, na tumechukulia kwamba watu watatumia kifaa kwa kiasi hiki, kwa ushahidi huu. Nchi yetu tayari ina Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Kuongeza sharti la ukurasa mmoja hakuhitaji sheria mpya wala mkopo.

Wanaharakati nao waache kubishana na jibu la mwisho na waanze kudai ukurasa huo. Ni rahisi kwa afisa kuitetea namba. Ni vigumu kwake kueleza hadharani kwa nini kitukuu amethaminiwa kwa shilingi kumi na mbili.

Na kwa wanafunzi wanaoniandikia wakitafuta mada ya tasnifu: serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Chukueni shule moja ya bweni iliyotii agizo hilo. Hesabuni gharama ya nishati kwa kila mwanafunzi kabla na baada, kwa mihula minne. Kisha ongeeni na mhasibu, mumuulize fedha ya ziada, kama ipo, imetolewa katika kifungu gani: cha vitabu, cha maharage, au cha michango ya wazazi.